Mkataba wa kumalizana: kisa cha mtunza stoo wa Chang'ombe

Jumatatu tarehe 25 Septemba 2023, mtunza stoo wa kampuni ya vifaa vya ujenzi iliyoko Chang'ombe, Temeke, Dar es Salaam, aliitwa ofisini kwa HR, afisa rasilimali watu. Akaambiwa mauzo yameshuka, stoo mbili zinaunganishwa kuwa moja, na nafasi yake inaisha na mwezi. Kisha akasogezewa karatasi mbili za Kiingereza na kalamu. "Dada yangu, tumalizane vizuri. Ukisaini leo, Ijumaa hela imeingia." Hakusaini. Aliomba akasome nyumbani, akapewa mpaka Ijumaa tarehe 29.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa mambo yanayojirudia katika migogoro ya kazi jijini, ndiyo maana hakina majina. Sheria inayotumika ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, na namba za vifungu ni za toleo la 2019, lililokuwa likitumika wakati huo. Baadaye sheria hiyo ilirekebishwa, hasa upande wa fidia, kwa hiyo mwenye shauri la leo afungue vifungu vya leo.

Karatasi ilisema nini

Mtunza stoo aliajiriwa Mwanza tarehe 3 Machi 2014 na kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 2018. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 1,040,000 kwa mwezi. Ukiongeza posho ya nyumba 200,000 na ya usafiri 100,000, jumla inakuwa 1,340,000. Alifanya kazi siku sita kwa wiki.

Karatasi ilimpa shilingi 4,500,000. Ukiitazama juu juu ni mishahara zaidi ya mitatu, na kwa mtu mwenye ada za shule Januari, hiyo si hela ya kukataa haraka. Mchanganuo wake ulikuwa huu: mshahara wa Septemba 1,340,000, notisi 1,040,000, kiinua mgongo 1,213,333, na "kifuta jasho" 906,667. Kifungu cha tatu kilisema mfanyakazi "amejiuzulu kwa hiari yake". Cha nne kilisema hana dai lolote dhidi ya kampuni, la sasa au la baadaye, kwa sheria yoyote. Cha tano kiligawa malipo mara tatu: Oktoba, Novemba na Desemba. Ahadi ya hela kuingia Ijumaa haikuwemo popote.

Mwanasheria aliyepelekewa karatasi hiyo siku iliyofuata hakuanza na kifungu cha nne kinachotisha. Alianza na kikokotoo. Swali la kwanza katika mkataba wa kumalizana ni hili: mfanyakazi angelipwa nini hata asiposaini chochote? Hicho ni chake kwa sheria, hakinunui kitu. Anachouza anaposaini ni haki ya kwenda kulalamika, na bei ya haki hiyo inaanza kuhesabiwa pale stahiki zinapoishia.

Hesabu, mstari kwa mstari

Notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, kifungu cha 41 kinataka siku zisizopungua 28. Mwajiri akiamua kulipa badala ya kutoa notisi, analipa ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi siku hizo. Ujira ni pamoja na posho. Mkataba wa ajira ulisema notisi ni mwezi mmoja, kwa hiyo ni 1,340,000, si 1,040,000. Hapa zilipotea laki tatu, na kosa hili hukutwa karibu kila mara kwa sababu fomula ya kompyuta ya HR inasoma safu ya mshahara wa msingi kwa kila kitu.

Kiinua mgongo. Kifungu cha 42 kinatoa si chini ya siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi usiokatika, ukomo ukiwa miaka kumi. Mwajiri alifanya makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, alihesabu miaka mitano tangu barua ya uhamisho ya 2018, wakati uhamisho ndani ya kampuni ileile haukatizi utumishi. Miaka iliyokamilika ni tisa. La pili, aligawa mshahara kwa 30. Jedwali la Kwanza la sheria lina njia yake ya kupata mshahara wa siku: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa siku za kazi za wiki. Kwa siku sita kigawanyo kinakuwa 26, na kwa siku tano ni takriban 21.67. Hivyo 1,040,000 kwa 26 ni 40,000 kwa siku. Siku saba mara miaka tisa mara 40,000 ni 2,520,000. Karatasi ilikuwa na chini ya nusu ya hiyo.

Likizo. Mwajiri aliweka sifuri kwa maelezo kwamba mwaka wa likizo haujaisha. Sheria haisemi hivyo. Mtu akiondoka katikati ya mzunguko analipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Mzunguko wake ulianza 3 Machi, na daftari la mahudhurio lilionyesha siku 169. Hizo ni siku 13 za malipo, yaani 520,000.

Ukijumlisha notisi, likizo na kiinua mgongo unapata 4,380,000, na mshahara wa Septemba 1,340,000 unaifanya 5,720,000. Ofa ya "kumalizana" ilikuwa pungufu ya stahiki za kawaida kwa shilingi 1,220,000. Kifuta jasho chote kilikuwa hela yake mwenyewe iliyobatizwa jina jingine, tena haikutosha.

Kilichosahaulika kabisa ni usafiri. Kifungu cha 43 kinamhusu anayeachishwa kazi mahali pasipo alipoajiriwa. Mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake, au alipe gharama hiyo, au atoe posho isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na alipoajiriwa. Zaidi ya hapo kuna fedha ya kujikimu kwa siku za kusubiri kati ya kuachishwa na kusafirishwa, na Kanuni za mwaka 2017, Tangazo la Serikali namba 47, zinaipima kwa mshahara wa msingi wa siku. Kwake ni 40,000 kila siku inayopita. HR alijibu kwa simu kwamba "wewe unakaa Mbagala, Mwanza unaenda kufanya nini?" Mkataba wake wa 2014 uliandika mahali pa kuajiriwa kuwa Mwanza, na ule mstari mmoja ndio uliobeba hoja. Hata hivyo posho ya kujikimu hubishaniwa sana, na anayeidai ajiandae kuonyesha kwamba kweli bado yuko Dar akisubiri nauli.

Neno "amejiuzulu"

Hesabu ikishakaa sawa, lugha ya karatasi inaweza kuifuta yote. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42 kinadaiwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeandikwa kuwa amejiuzulu ametoka mwenyewe, na hapo kampuni inaweza kusema hata zile siku saba kwa mwaka ni hisani. Jeraha la pili liko NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyetimiza michango ya miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Afisa wa NSSF hatauliza ofisini kulitokea nini. Atasoma barua.

Kwa hiyo kifungu cha tatu kilifutwa na kuandikwa hivi: "Ajira imesitishwa na mwajiri kuanzia tarehe 30 Septemba 2023 kwa sababu za mahitaji ya kiuendeshaji, na pande mbili zimekubaliana malipo yaliyoorodheshwa hapa chini." Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, zinatambua usitishaji wa ajira kwa makubaliano, na wapo waajiri wanaopenda jina hilo kwa sababu linasikika la kirafiki. Urafiki ubaki kwenye mazungumzo. Kwenye karatasi iandikwe nani kasitisha na kwa nini.

Kifungu cha nne nacho kilipunguzwa makali. Mwajiri anayelipa ana haki ya kutaka mambo yaishe, na mwanasheria anayemwambia mteja akatae kufunga madai yote anampotezea muda. Ila madai yanayofungwa yatajwe: kuachishwa kazi isivyo halali, notisi, likizo, kiinua mgongo, usafiri. Nje yakabaki michango ya NSSF na cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri akitoe bila masharti. Taarifa yake ya michango ilionyesha miezi mitano ya 2020 haikupelekwa ingawa slipu za mshahara zinaonyesha makato. Hilo lilipewa mstari wake na tarehe yake.

Palikuwa pia na kitisho cha pembeni. HR alidokeza kwamba hesabu ya stoo ina upungufu wa mali ya 800,000 na "itabidi tukate." Kukatwa kwa hasara kunaongozwa na kifungu cha 28. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wa fedha. Barua ya mistari mitatu iliyoomba maandishi hayo ilitosha. Hayakuletwa, na mada hiyo haikurudi tena.

Bei ya haki ya kulalamika

Je, haki aliyokuwa anaiuza ilikuwa na thamani gani? Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio mara tu anapofikiria hatua hiyo, aweke wazi taarifa muhimu, na ashauriane kabla ya kuamua: sababu, njia za kuepusha au kupunguza, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda na malipo. Hapa uamuzi ulikuwa umeshachapwa kabla mfanyakazi hajakaa kwenye kiti. Mashauriano hayakuwepo kabisa. Sababu yenyewe ilikuwa na mguu wa kusimamia: mauzo yalishuka kweli na stoo ziliunganishwa kweli.

Kwa sheria ya wakati huo, fidia ya kuachishwa isivyo halali ilikuwa si chini ya ujira wa miezi 12, kwake shilingi 16,080,000. Wengi huishia kwenye namba hiyo na kugoma kusikia nyingine. Lakini Mahakama ya Rufani ilishakubali fidia iliyo chini ya miezi 12 pale sababu ilipokuwa halali na dosari ikawa ya utaratibu pekee, hata kufika miezi mitatu. Kwa mtunza stoo huyu makadirio ya haki yalikuwa kati ya miezi mitatu, 4,020,000, na 12. Toa muda wa usuluhishi, uamuzi, marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na pengine rufaa, na miezi minne hadi sita mkononi inakuwa bei ya kuzungumzika. Mteja aliambiwa wigo huo kabla ya kuulizwa anataka nini. Ushauri unaoanza na "tutawavua kila kitu" uogopwe.

Nani wa kumuuliza

Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Ajira ya 1996, mkataba wa namna hii haufungi madai ya kisheria ya mfanyakazi mpaka awe ameshauriwa na mtu huru. Tanzania hakuna sharti hilo. Ukisaini peke yako kwenye korido, umesaini. Unachobaki nacho ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: uonyeshe ridhaa yako ilipatikana kwa kulazimishwa, ushawishi usiofaa, ulaghai au maelezo ya uongo. Kuambiwa "saini leo" peke yake mara nyingi hakufiki huko, hasa kama hela ilipokelewa na kutumika.

Mwanasheria wa kampuni anayeketi mezani na kusema yuko kwa ajili ya pande zote si wako. Mawakili vishoka nao hawakosekani karibu na ofisi zenye migogoro. Jina la wakili linahakikiwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kulipa hata shilingi, na ada ikubaliwe kwa maandishi: ya kusoma na kuandika barua ni moja, ya kusimama mbele ya msuluhishi ni nyingine. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na vituo vinavyofanya kazi chini yake, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi anaweza kusimamiwa na kiongozi wa chama chake.

Kilichorahisisha kazi hapa ni bahasha aliyokwenda nayo: mkataba wa 2014, barua ya uhamisho, slipu za miezi sita, taarifa ya NSSF, picha za daftari la mahudhurio, na ujumbe wa WhatsApp wa HR uliosema "nafasi yako imefutwa". Ujumbe huo ndio uliofanya neno "amejiuzulu" lisiwe na pa kusimama. Wakili pia aliomba mkataba mpya uwe wa Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya 2021 yameshafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mfanyakazi ana kila sababu ya kuomba asome anachosaini kwa lugha anayoiota.

Siku thelathini

Mtego mkubwa kuliko yote ulikuwa kifungu cha tano, kile cha malipo mara tatu, kinachoonekana cha kawaida kabisa. Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ni siku 60. Ajira ilikoma 30 Septemba, kwa hiyo mlango wa madai ya msingi ulikuwa unafungwa Oktoba 30. Awamu ya pili na ya tatu zilikuwa baada ya hapo. Kampuni ingelipa ya Oktoba, ikaacha ya Novemba, na mfanyakazi angejikuta anaomba kuongezewa muda huku akieleza sababu ya kila siku aliyochelewa. "Tulikuwa tunazungumza" ni sababu dhaifu, na husikika mara nyingi mno.

Kwa hiyo mazungumzo yaliendelea, lakini Jumatatu tarehe 16 Oktoba Fomu namba 1 ya CMA iliwasilishwa Temeke. Kufungua mgogoro hakulipiwi. Nakala ilipelekwa kwanza kwa mwajiri, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na ushahidi huo ukaambatishwa. Sehemu ya aina ya mgogoro iliwekwa alama moja tu, ya kusitishwa ajira, na sehemu B inayohusu kuachishwa kazi ikajazwa yote. Fomu nyingi hukwama hapo: alama zimewekwa kila mahali, sehemu B iko wazi, au mwakilishi amesaini na mfanyakazi hajasaini.

HR alikasirika. "Si tulikuwa tunaongea kindugu?" Jibu lilikuwa kwamba udugu unaendelea, na CMA ndiyo meza ya kuandikia. Faida yake ni ya vitendo. Mkataba wa faragha ukivunjwa, mfanyakazi anaanza kudai upya. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanapelekwa moja kwa moja Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama.

Usuluhishi ulikaa Alhamisi tarehe 26 Oktoba na kuisha kabla ya mchana. Mshahara wa Septemba ulikuwa umeshaingia wenyewe mwisho wa mwezi. Yaliyobaki yaliandikwa kila moja na mstari wake: stahiki 4,380,000, fidia ya ujira wa miezi minne 5,360,000, usafiri na kujikimu kwa mkupuo 1,500,000. Jumla 11,240,000, ukilinganisha na 3,160,000 ya ofa ya kwanza bila mshahara wa Septemba.

Kabla ya kusaini wakili alisimamisha kitu kimoja: kodi. Malipo ya kupoteza ajira yamo katika mapato ya ajira chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na kiasi kikubwa kikiingia kwa mwezi mmoja, sehemu inayozidi milioni moja inaweza kukatwa asilimia 30. Mkataba unaotaja jumla bila kusema ni kabla au baada ya kodi unaleta ugomvi siku ya malipo. Walikubaliana namba hizo ni kabla ya kodi, na mwajiri atoe karatasi ya makato pamoja na malipo. Mteja alijua mapema kwamba hatashika 11,240,000 kamili.

Malipo yaligawanywa mara mbili: 7,000,000 ndani ya siku saba na baki tarehe 30 Novemba, kwa sharti kwamba awamu moja ikichelewa zaidi ya siku tano deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Akaunti ya benki iliandikwa kwa namba. Cheti cha utumishi na barua ya kusitishwa ajira vilikabidhiwa palepale, maana NSSF wanataka barua hiyo na HR akishamaliza faili lake ni vigumu kumpata.

Awamu ya pili ilichelewa siku mbili, bado ndani ya zile tano, ikaingia. Michango mitano ya 2020 ndiyo iliyobaki njiani. Mwajiri alikuwa ameahidi kuipeleka ifikapo Desemba 31, na kwa kuwa haikuwa sehemu ya madai yaliyofungwa, mtunza stoo alibaki huru kupeleka slipu zake NSSF kuidai kama ingefika Januari bila kuonekana.